Binti Yako Anasema Hana Njaa: Kuhusu Kuwapima Wasichana Shuleni kwa Matatizo ya Ulaji

(Muziki wa kipindi, unapungua polepole.)

Nawasalimu akina mama mlioko shambani mkichuma majani, mlioko kituoni mkisubiri gari la kubeba majani, na mlioko nyumbani mkiwasha moto. Nakusalimu na wewe kogo, uliyeachiwa wajukuu ulee. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo niko zahanati, kesho niko shule, kesho kutwa niko kwenye nyumba za kambi za chai. Kwa hiyo ninayoyasema leo nimeyaona kwa macho, na mengine niliyakosea mimi mwenyewe.

Nianze na kosa langu.

Mwezi wa Agosti mmoja, shule zikiwa zimefungwa, mama mmoja alimleta binti yake zahanati. Mama alikuwa bado na gambuti miguuni. Binti alikuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni. Mama akaniambia, "Sista, huyu mtoto ana vidonda vya tumbo. Kila chakula anasema kinamchoma." Nilimwuliza maswali mawili matatu, nikampa dawa ya kupunguza asidi, wakaenda. Baada ya wiki mbili walirudi. Nikampa dawa ile ile.

Mara ya tatu mama alikuja na hofu nyingine. Alinivuta kando akaninong'oneza, "Hajaona mwezi wake tangu Aprili. Mpime mimba." Nikampima. Hakuwa na mimba. Mama alimshukuru Mungu, akamshika binti mkono waende zao. Msichana aliposimama kutoka kwenye benchi aliushika ukuta asianguke. Nje jua lilikuwa kali, na yeye alikuwa amevaa sweta mbili. Hapo ndipo nilipompandisha kwenye mizani. Mara mbili alikuwa amepita mikononi mwangu, na sikuwa nimempima uzito hata mara moja.

Tulipobaki wawili, aliniambia polepole. Shuleni alikuwa anagawa chakula chake. Ilianza na kufunga kwa maombi pamoja na wenzake. Wenzake walipoacha, yeye aliendelea. Kuna waliomsifu kwamba amependeza. Baadaye, hata alipotaka kula, hakuweza. Hofu ilimkaba.

Nilimwandikia barua ya rufaa. Matibabu yalichukua zaidi ya mwaka. Tangu siku ile nimejifunza kuuliza. Leo nataka na wewe mama ujifunze kuuliza, na ujue la kufanya siku shule itakapokuletea barua kwamba wasichana watapimwa.

NI UGONJWA GANI HUU?

Matatizo ya ulaji ni ugonjwa wa akili unaouumiza mwili. Usilichukulie kuwa ni kiburi, wala kudekezwa, wala mapepo. Aina zinazojulikana zaidi ni tatu.

Ya kwanza inaitwa anoreksia. Msichana anajinyima chakula hadi anakonda sana, na bado anaogopa kunenepa. Ya pili inaitwa bulimia. Anakula chakula kingi kwa wakati mmoja, tena kwa siri, kisha anajitapisha, anameza dawa za kuharisha au anakaa na njaa ili kufidia. Huyu anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa, kwa hiyo ukimtazama kwa macho hutajua. Ya tatu ni ya kula kupita kiasi mara kwa mara bila kujitapisha, na baada ya kula anabaki na aibu na huzuni.

Mama, usidharau. Anoreksia ni mojawapo ya magonjwa ya akili yanayoua watu wengi zaidi. Mwili usiopata chakula hujila wenyewe: kwanza mafuta, kisha misuli, na moyo pia ni msuli. Hedhi inakoma. Mifupa, ambayo katika umri huu ndiyo inayojengwa, inabaki dhaifu. Na yule anayejitapisha hupoteza madini yaitwayo potasiamu. Potasiamu ikipungua sana, moyo unaweza kupiga ovyo na hata kusimama ghafla.

"HUO SI UGONJWA WA WAZUNGU?"

Nikienda kwenye mikutano ya akina mama, swali hili halikosi. Wanasema, "Sista, sisi huku tunatafuta chakula. Nani atakikataa?"

Ni kweli kwamba kwetu mwili wenye afya ulikuwa sifa. Mtoto akienda kwa nyanya yake akarudi amenenepa, tunasema amelelewa vizuri. Ni kweli pia kwamba mwaka 2004 madaktari Njenga na Kangethe walipochapisha utafiti juu ya anoreksia nchini Kenya, wagonjwa waliotajwa na madaktari wa akili walikuwa wachache sana. Lakini jiulize: ni wachache kwa sababu hawapo, au kwa sababu watu kama mimi tuliwapa dawa ya tumbo na kuwarudisha nyumbani?

Mambo hubadilika pia. Huko Fiji, nchi ya visiwa ambako mwili mnene ulikuwa ukipendwa, televisheni ilifika katika wilaya moja mwaka 1995. Watafiti waliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue uzito. Walipouliza tena mwaka 1998, zaidi ya mmoja kati ya kumi alisema anafanya hivyo. Sasa fikiria simu iliyoko mkononi mwa binti yako usiku, yenye picha ambazo zimerekebishwa.

Wala si picha peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Ghana uliwapima wasichana 668 wa shule za sekondari. Kumi kati yao walikuwa wamekonda sana, na sababu pekee iliyoonekana ni kujinyima chakula. Wote kumi walisema ni kwa ajili ya dini na kujitawala. Hawakuwa wakiogopa unene. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka yule msichana wa sweta mbili. Sisemi msifunge. Kufunga kuna mwanzo na kuna mwisho. Mtoto anayeendelea kufunga wakati wengine wameshafungua, huyo muulize.

Na sisi watu wa Kericho na Bomet tuna jambo letu jingine: mbio. Binti zetu wanakimbia, na tunajivunia. Lakini anayekimbia kilomita nyingi kila asubuhi anahitaji chakula zaidi ya mwenzake. Utafiti wa mwaka 2016 uliowalinganisha wasichana wakimbiaji wa Kenya na wenzao wasio wakimbiaji ulionyesha kwamba wakimbiaji walipungukiwa na nguvu ya chakula na kukosa hedhi zaidi ya wenzao. Mkufunzi akikwambia kukosa hedhi ni dalili ya mazoezi mazuri, usikubali. Ni dalili kwamba mwili umepungukiwa.

(Muziki mfupi.)

KUPIMWA SHULENI KUNA MAANA GANI?

Mama, umezoea kusikia sisi wauguzi tunakuja shule. Tunakuja na dawa za minyoo. Tangu mwaka 2019 tunakuja na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Hizo ni kazi zinazoisha siku ile ile: mtoto amechanjwa, tumeandika, tumeenda. Kupima hatari ya matatizo ya ulaji ni tofauti. Siku ya kupima kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kipimo chenyewe kwa kawaida si sindano wala damu. Ni maswali. Moja ya fomu zinazotumika sana lina maswali matano, na lilitengenezwa London na kuchapishwa mwaka 1999. Linamwuliza msichana kama hujitapisha kwa kuhisi ameshiba kupita kiasi. Kama ana wasiwasi kwamba ameshindwa kujizuia akila. Kama amepungua zaidi ya kilo 6 hivi katika miezi mitatu (hizo ni pakiti tatu za unga wa kilo mbili). Kama anajiona mnene ilhali wengine wanasema amekonda. Na kama anaona chakula kimetawala maisha yake. Akijibu ndiyo mara mbili au zaidi, anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Sasa sikiliza vizuri. Kujibu ndiyo mara mbili si kuwa mgonjwa. Ni sawa na mbwa kubweka usiku: unatoka na tochi uangalie, maana pengine ni mwizi na pengine ni jirani anapita.

Nikupe hesabu. Fomu hilo lilipojaribiwa mwanzoni, liliwanasa wagonjwa wote 116. Lakini katika wanawake 96 wasio wagonjwa, liliwashuku 12, yaani mmoja kati ya wanane. Na hao walikuwa watu wazima wa Uingereza, si wanafunzi wetu. Tuseme shule ina wasichana 400, na kati yao 8 ni wagonjwa kweli. Fomu likifanya kazi vizuri vile vile, litawanasa wote 8. Lakini kati ya wale 392 wasio wagonjwa, litawashuku 49. Wasichana 57 wataitwa, na 49 hawana ugonjwa huo. Kama mwalimu atasoma majina hayo gwarideni, tumewaumiza watoto 49 na bado hatujawatibu wale 8.

Tena maswali ya London yanaweza kusikika vingine huku kwetu. Msichana ambaye nyumbani wanakula mara moja kwa siku kabla ya malipo ya majani kuingia, ukimwuliza kama chakula kimetawala mawazo yake atasema ndiyo. Ni njaa hiyo, na dawa ya njaa ni chakula. Aliyepungua kilo 6 anaweza kuwa na kifua kikuu, kisukari au virusi vya ukimwi. Anayetapika anaweza kuwa na mimba, au vidonda vya tumbo vya kweli. Katika ule utafiti wa wakimbiaji, zaidi ya nusu ya wasichana, wakimbiaji na wasio wakimbiaji, walionyesha dalili fulani za ulaji uliovurugika. Hatuwezi kusema zaidi ya nusu ya binti zetu ni wagonjwa wa akili. Tunasema kila jibu la ndiyo lifuatwe na mtu mwenye subira.

Ndiyo maana hata Marekani, kamati ya wataalamu inayoshauri juu ya vipimo ilisema mwezi Machi 2022 kwamba ushahidi hautoshi kuamua kama kuwapima watu wote wasio na dalili kuna faida kuliko madhara. Hawakusema ni vibaya, na walisema mwenye dalili aangaliwe. Mimi nasimama hapo: mwenye dalili asisubiri barua ya shule, na shule ikiamua kupima wote, ipime kwa heshima.

SHULE IKILETA BARUA, ULIZA MAMBO MATANO

La kwanza: nani atauliza maswali? Awe muuguzi au mshauri aliyefundishwa. Asiwe kiranja wa bweni.

La pili: watauliza wapi? Kila msichana aulizwe peke yake, faraghani. Kwenye mizani pia awe peke yake. Mimi niliwahi kuwapima wasichana uzito kwenye foleni, na mwalimu akawa anaandika huku akitaja kilo kwa sauti. Darasa lilicheka. Msichana mmoja mnene alilia, na niliambiwa baadaye kwamba hakula chakula cha mchana wiki nzima. Tulikuja kuzuia ugonjwa, na huenda siku ile tuliupanda. Sitarudia.

La tatu: majibu yatakaa wapi? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Kama hujui kusoma, mwombe unayemwamini akusomee barua yote.

La nne: mtoto akishukiwa atapelekwa wapi? Kama shule haina jibu, waombe kwanza wazungumze na kituo cha afya ndipo wapime.

La tano: kuna chakula shuleni? Usiniulizie mtoto kama anakula ilhali sufuria ya githeri haitoshi bweni zima.

Ukiridhika na majibu, tia sahihi. Usikatae kwa hofu tu. Yule mmoja aliyejificha anaweza kuwa wako.

DALILI UNAZOWEZA KUZIONA NYUMBANI

Mama, hakuna fomu linalomjua mtoto kuliko wewe. Akifunga shule, tazama haya:

- Kila wakati wa chakula ana sababu: ameshakula, tumbo linauma, ana kazi ya shule. Au anapika vizuri, anapakulia wote, yeye hali.
- Anakata ugali vipande vidogo vidogo, anavizungusha kwenye sahani. Mbwa wako amenenepa na mtoto amekonda.
- Baada ya kula anakimbilia choo kila mara.
- Chakula kinapotea usiku, na hakuna anayekubali.
- Anasikia baridi wakati wengine wanatoa sweta. Anavaa nguo kubwa kuficha mwili.
- Hedhi imekoma au haiji kwa mpango. Usikimbilie kumpiga. Mpime mimba ndiyo, lakini isipokuwa mimba, usiishie hapo.
- Mashavu yamevimba chini ya masikio, meno yanaoza, kuna alama kwenye vifundo vya vidole. Hizo zinaweza kuwa dalili za kujitapisha.
- Anajiita mnene na mbaya, na anajificha asionekane na watu.

Dalili moja peke yake isikutie hofu. Mbili tatu zikikaa wiki kadhaa, njoo zahanati. Na ukifika kwetu, sema wazi: "Mpime uzito na urefu." Tukikupa dawa ya tumbo bila kupima, uliza kwa nini.

UTAMWAMBIAJE?

Chagua wakati ambapo hakuna chakula mbele yenu. Mkiwa mnapalilia, au mnachambua managu, au mnatembea kutoka kanisani. Usianze na mwili wake. Sema ulichokiona: "Nimeona siku hizi huli na sisi jioni, na umekuwa kimya. Nina wasiwasi juu yako." Kisha nyamaza. Akikasirika, usijibu hasira. Mwambie utauliza tena, na uulize tena.

Usimwambie, "Kula tu, mbona wengine wanakosa?" Aibu hiyo anayo tayari. Usimwambie amenenepa, hata kwa kumsifu. Shangazi na wajomba wanaomtania kwa jina la "bonge" au "fito", waambie waache. Neno la utani sebuleni linaweza kukaa kichwani mwa msichana miaka.

Usimlazimishe mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu kula sahani kubwa kwa siku moja. Mwili uliokauka ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya damu yanaweza kuvurugika na kuhatarisha maisha. Aanze kidogo kidogo akiwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Na usifikiri kwamba akishafika hospitali kazi yako imeisha. Moja ya tiba zinazowasaidia zaidi vijana ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na msingi wake ni mzazi. Mzazi ndiye anayesimamia milo kila siku, anakaa na mtoto mpaka amalize, bila matusi na bila kuchoka, mpaka mtoto aweze kujisimamia. Mama, kazi hiyo unaijua. Ulimlisha akiwa mdogo, uji kijiko kwa kijiko.

LINI NI HARAKA?

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kama amezimia, moyo unaenda mbio au unarukaruka, anatapika damu, hawezi kuinuka akichuchumaa bila kushika kitu, hajaingiza hata maji siku nzima, au amesema hataki kuishi. Usisubiri siku ya soko wala siku ya malipo. Mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu: ya rufaa ya kaunti kule Kericho au Longisa, au Kapkatet, au Tenwek, kulingana na unakoishi. Ikiwa mtoto anahitaji mtu wa kuzungumza naye, au wewe unahitaji ushauri, piga simu 116, laini ya watoto. Ni bure.

KUMBUKA

Matatizo ya ulaji ni ugonjwa, na yana matibabu. Mtoto anaweza kuwa mgonjwa bila kukonda. Fomu la shule linashuku tu, halihukumu. Kabla ya kutia sahihi, uliza nani, wapi, siri, rufaa na chakula. Na nyumbani, kuleni pamoja jioni hata kama ni ugali na mboga peke yake, simu zikiwa kando, ili mmoja akikosa kula, wengine waone.

Yule mama wa gambuti nilikutana naye tena kituo cha majani. Aliniambia, "Sista, nilikuwa naangalia kilo za majani kila siku. Kilo za mtoto sikuziangalia." Nikamwambia, "Hata mimi, mama, na mizani ilikuwa nyuma ya mlango wangu."



(Muziki wa kipindi.)